Hukuniuliza Kilo

Mtafiti alifika Alhamisi kutoka Jiji la Meksiko,
viatu vyake vyeupe vimekwisha kuwa vya Tuxtepec,
yaani vya tope.
Akaketi juu ya gunia, maana kiti tulikuwa nacho kimoja
na juu yake kuku alikuwa anaatamia.
Hakuna aliyethubutu kumwondoa.
Uzazi una heshima yake.

Akafungua karatasi. Mimi ndiye mkalimani:
Kihispania upande huu, lugha yetu ya mlimani upande ule,
katikati ulimi wangu, ukichagua cha kuvusha.

Umri?
"Nilizaliwa mwaka mto ulipolichukua kanisa."
Nikasema, hamsini na mbili.
Mimba? Kumi.
Waliozaliwa? Kumi na mmoja.
Walio hai?
Mama akanitazama mimi kwanza, kama anayehakikisha nipo.
Sita.

Kalamu ikaandika sita, ikashuka mstari.
Sikuyatafsiri majina aliyoendelea kuyataja kwa sauti ya chini:
Nicanor, Otilia, pacha wasiofikisha wiki,
na yule asiye na jina, aliyewahi kabla ya mwezi wake
huko huko msituni,
gunia likiwa bado mgongoni.

Umewahi kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba?
"Niliwahi kulala jikoni."
Hilo nililitafsiri.
Mtafiti akatafuta kisanduku cha jikoni, hakukipata,
akatia alama kwenye "nyinginezo".

Kisha akatoa mkobani kidonge, mfano wa punje ya mtama,
akaeleza kwa upole, upole wa kufundishwa kwenye semina,
kwamba asili yake ni huku, ni barbasko.
Nikasita, nikitafuta neno.
Mama alikwisha sikia.
Barbasko ni barbasko kwa lugha zote mbili.

Miaka ishirini alikichimba kiazi kile,
mikono ikimwasha hadi viwikoni,
kilo hamsini mgongoni, mtoto kifuani, mwingine tumboni,
hadi kwa don Ausencio mwenye mizani
na kidole gumba, ambacho nacho kilikuwa na uzito wake.
Tulipouliza ni cha nini, alijibu: sabuni.
Kweli, kilitoa povu.
Tukaamini. Povu lake tukafulia nepi.

Mama akainuka. Mlangoni inaning'inia mizani ya kahawa,
sahani yake imeliwa na kutu.
Akakiweka kidonge katikati.
Mshale haukutikisika.
Akaipiga sahani kwa ukucha.
Haukutikisika.

"Kilo ngapi zimo humu?"
Mtafiti akasema hajui, tena akaona haya,
na kwa ile haya nikampenda kidogo.
"Basi andika. Andika kwamba hukuniuliza kilo."
Nilitafsiri neno kwa neno, mara ya kwanza siku ile.
Akaigeuza karatasi, upande usio na mistari.

Mama akanishika mkono, akakitia kidonge kiganjani mwangu.
"Meza. Hiki kimekwisha kulipiwa."

Kimoja hakitoshi, mtafiti akawahi kusema,
ni ishirini na kimoja kwa mwezi, kila siku, saa ile ile.

"Avilete vyote," mama akasema,
akimsogezea kuku punje za mahindi.
"Nimechimba vya kutosha."