Nusu Saa

Duka la Lanyero, hapa Gulu, lina rangi tatu:
asali, chai ya maziwa, kahawa.
Mimi si yoyote kati ya hizo.
Basi nanunua mbili, nazichanganya
mgongoni mwa kiganja
mpaka ziache kubishana na ngozi.

Kwanza moo yaa, mafuta ya mama, punje tu;
yananuka moshi, lakini yanatii.
Kisha sifongo yenye maji, gusa, gusa,
usisugue: uso si sufuria.
Chini ya macho, pale ulipojilaza
usiku wa mtoto anayeota meno,
napitisha mara mbili.
Kovu la tetekuwanga shavuni naliacha.
Bila hilo nani atanijua?

Umeme unakatika.
Namalizia uani, nimeinama
kwenye kioo cha pikipiki ya Ocaya,
naye ananguruma kuliko injini yake:
"Mgonjwa gani anatazama nyusi zako?"

Wodini, muuguzi mkuu ananikagua,
anatikisa kichwa, ameridhika:
"Afadhali wewe hujipaki vitu."

Nashukuru, nafunga kifungo cha sare.
Mfukoni, sifongo
bado ina unyevu.