Wastani

Nimefika Webuye na karatasi nne ndani ya jalada:
ya herufi, ya maneno, ya aya, ya hadithi.
Siku mbili tulifunzwa, kwenye ukumbi wa kanisa,
namna ya kuketi chini kuliko mtoto,
namna ya kutotikisa kichwa,
namna ya kusema asante kwa sauti ileile
awe ametiririka au amekwama.

Nyumba ya kumi na tatu ina bati lililoliwa.
Si kutu ya mvua, asema Masengeli, ni pumzi ya kiwanda
kilipokuwa kikipika karatasi usiku na mchana,
naye akikoroga. "Madaftari yote mliyoandikia
yalipita hapa yakiwa uji."
Anacheka. Harufu ile tuliilaani, asema,
sasa naitafuta.

Wanawe mapacha wana daftari moja.
Mukhwana ameanzia mbele,
Mulongo ameligeuza, ameanzia nyuma;
wakikutana kwenye pini, mama atanunua lingine.
Huo ndio mkataba.

Darasa la nne, wote wawili. Hadithi ni ya darasa la pili:
Pendo alitumwa dukani, ng'ombe wakamzibia njia.
Mukhwana anaimeza kwa pumzi moja,
kisha ananikazia macho:
"Mbona hawasemi alitumwa nini?"
Sina jibu. Naweka alama.

Mulongo anaishika karatasi kwa mikono miwili
kama sahani ya mchuzi.
A. Li. Tu.
A-li-tu.
Hapo pana mto, na daraja limesombwa.
Anaruka mstari, anajaribu ng'ambo.
Ng'ombe anawajua, asubuhi amekamua wawili,
lakini huyu wa karatasini ana mkato shingoni kama kupe,
na anapiga teke.
Nyuma yake midomo ya dadaye inatembea.
Kanuni: ndugu wakae mbali. Namwomba asogee.
Anasogea, na midomo inasogea naye.

"Nirudie?"

Fomu haina kisanduku cha kurudia.
Asante, nasema, kwa sauti ileile.

Naliaka anatoka jikoni, unga viganjani. "Wamepita?"
Namweleza hapa hakuna kupita wala kuanguka,
majina hayaendi popote, zinazokwenda ni hesabu.
"Zinakwenda wapi?"

Zinakwenda Nairobi, mama, zinakuwa mstari.
Mwaka fulani mstari ulijivuta juu
kama mgonjwa anayetaka maji;
shule zikafungwa, ukalala,
na tangu hapo wanaoutazama wanabishana
kama huku ni kuamka au ni kugeuza ubavu.
Redioni watasema watoto wa taifa hili,
mwalimu atamtaja mzazi, mzazi amtaje mwalimu,
kisha wote wawili waitaje simu.
Na mstari wenyewe utapita juu ya bati hili
kama nyaya za umeme zipitavyo
kwenda kwingine.

(Hayo yote sikumwambia. Nilisema tu: Nairobi.)

Usiku nitajumlisha, nitagawa kwa mbili.
Nyumba ya kumi na tatu itapata mtoto mmoja
anayeisoma hadithi mpaka nusu:
anafika dukani, amesahau alitumwa nini.
Mtoto huyo sikumwona. Hakuna aliyemzaa.
Ndiye nitakayempeleka jijini.

Nafunga mkoba. Kwa kuwa sijui kuondoka
nauliza daftari limebakiza kurasa ngapi.
Mulongo anatazama kuku.
Mukhwana analifungua, analamba kidole, anahesabu
kimoyomoyo, upesi, kama asomavyo.

"Pini niliipita wiki jana," anasema.
"Sasa naandika kwake."