Athari Mbili

kwa Sefu, Nzega

Umeniuliza kwenye simu, ukicheka, tunalima nini huku, mchanga?
Tunalima ngano, kaka. Na mahindi,
lakini hayo nitayafikia, yana aibu yake.

Shamba ni majaruba kumi na moja chini ya mitende ya Bahla,
yote hayajazi uwanja wa shule yetu.
Mvua usiiulize. Mara ya mwisho ilibeba ukuta wa jirani
na mbuzi wawili, ikaenda zake.
Maji yetu ni ya falaji, mtaro wa kale kuliko jina la ukoo,
na hayagawiwi kwa ndoo, yanagawiwa kwa saa.
Nusu saa wanaiita athari.
Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani wananitisha.
Mimi nina athari mbili, kila baada ya siku nane.

Mwaka wa kwanza nililima kama nilivyolelewa:
vishimo, mbegu tatu tatu, nikafukia kwa kisigino.
Muhanna, mwenye majaruba ya juu,
aliniangalia mpaka chai yake ikapoa.
"Ghasina," akasema, "unapanda au unazika?"
Ngano ilitoka moja moja, kama nywele za aliyeugua.

Sasa najua. Chukua kalamu.
Usipande mpaka joto lifungashe virago;
asubuhi utakapotafuta shali kabla ya chai,
Novemba ikiwa katikati, ndiyo siku yenyewe.
Kina, kifundo kimoja cha kidole.
Mbegu usitoe kwenye shamba lenye suke lililogeuka masizi,
hata liwe moja, hata liwe la jirani unayemstahi.
Siku ya ishirini na moja ina kiu kuliko zote,
mizizi ya pili inatoka; ukiinyima, utavuna majani.
Zamu zangu ziliangukia ya kumi na tisa na ya ishirini na saba.
Nikaenda kwa Muhanna kukopa robo saa.
Hakukataa. Aliuliza nitalipa lini, akaandika.

Shofikul, anayenisaidia, kwao Rajshahi ngano ni jirani wa mpunga.
Kiarabu chetu sote wawili kinachechemea,
kwa hiyo alinifundisha kwa meno.
Punje ikitoa maziwa, mwagilia.
Ikiwa laini kama ugali, mwagilia ya mwisho.
Ikilia kati ya magego, ziba mfereji, noa mundu,
na uwahi, maana shorewanda nao wana meno yao.

Haya, mahindi.
Niliyapanda Aprili, juu ya mabua ya ngano, kwa hamu tu.
Yakanipita kimo. Nikakupigia picha, unakumbuka?
Mei ukaja upepo kama mtu amefungua tanuri,
vumbi la mbelewele likafa kabla ndevu hazijatoka.
Nilimenya gunzi la kwanza: punje nane.
Kibogoyo anayecheka.
Nilizichoma zote nane, nikazila nimesimama.
Mengine mbuzi walisherehekea.

Siku hizi napanda Agosti ikiisha,
majaruba ya juu, maji yanapoingia kwanza,
maana mahindi hayavumilii chumvi.
Chini kabisa, ilipotanda nyeupe kama unga uliomwagika,
nimeweka shayiri. Shayiri haina maringo.
Viwavijeshi? Wamefika, kaka, bila pasipoti.
Kila alfajiri napekua mioyo ya mahindi, nawaminya kwa kidole.

Mwaka huu ngano gunia nne na debe.
Muhanna hakutaka hata kibaba.
Alikuja saa tisa za usiku, katikati ya zamu yangu,
akaketi kwenye tuta, simu mkononi inahesabu dakika.
Tulisikiliza maji yangu yakienda kwake.
Robo ilipotimia alizima taa, akafuta deni kwa kidole gumba,
na Shofikul akakata tope kwa jembe,
maji yakanirudia.

Mbegu atakuletea mtoto wa Rayya, zimo kwenye soksi.
Kifundo kimoja, Sefu.
Usizizike.