Daftari la Nusura

Karibuni. Ni saa moja kasorobo, na ukungu wa Lunga Lunga
bado umelala juu ya mabati kama paka asiye na haraka.
Mimi ni Kerubo. Nimepewa dakika ishirini zenu
kabla king'ora hakijalia.
Meneja angependa nitumie kumi.

Mmekuja kumi na mmoja. Nimewahesabu mara mbili,
na jioni nitawahesabu tena, hapa hapa getini:
watu kumi na mmoja, vidole mia na kumi.
Msicheke. Hesabu hiyo iliwahi kunikataa.

Huu hapa mkono wangu wa kushoto. Utazameni sasa,
msije mkautazama kwa kuibia saa ya chai.
Cha kati na cha pete vilibaki kwenye mashine nambari nne
Alhamisi moja ya Mei, saa tisa na robo alasiri,
nikiwa na njaa, nikifikiria karo ya Moraa.
Mwanzoni hapakuwa na uchungu. Palikuwa na baridi tu,
kama kushika bomba la maji alfajiri.

Msimamizi wa zamu alikuja mbio, akashika kichwa:
"Ajali haina kinga, dada."

Lakini kinga ilikuwapo.
Ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi ya manjano, ina parafujo sita.
Ilifunguliwa Jumatatu ili mabati yapite upesi,
ikaegemezwa ukutani nyuma ya mapipa,
parafujo zikatiwa ndani ya kopo la majani chai.
Niliiona. Nilipita mbele yake siku tatu nikienda kunywa maji.
Siku tatu nilikuwa na mdomo mzima na vidole kumi,
na sikusema.

Kofia, buti, miwani, glovu: atawapa Odera, pale dirishani.
Akisema glovu ni za walioandikwa, si za vibarua,
rudini kwangu. Msumeno hausomi barua ya ajira.
Ila kwenye keekee zivueni:
keekee hushika kitambaa kwanza, kisha mwenye kitambaa.

Masikio zibeni. Lokwang yule, anayefagia vyuma,
msalimuni mkiwa mbele yake; husoma midomo.

Mlango wa kijani ni wa dharura.
Juzi niliukuta umezibwa kwa katoni za misumari.
Nilizisukuma mwenyewe, moja moja, kwa huu na huu.

Na hili la jalada la bluu ni daftari la nusura.
La ajali liko ofisini, lina kabati na ufunguo.
Hili ni la mambo ambayo hayakutokea.
Nusura Mwikali ateleze penye grisi.
Nusura mnyororo wa winchi ukatike; ulilia kwanza.
Nusura Barasa asinzie juu ya ngazi, zamu ya pili mfululizo.
Wapo wanaotembea Mukuru leo na mifuko ya sukuma
kwa sababu ya mstari mmoja humu.
Hawajui. Hakuna haja wajue.

Naam, wewe wa nyuma, mwenye sweta ya shule?

*Nikisema, kesho nitaitwa tena?*

…

Sitakudanganya.
Wako waliosema, na asubuhi yake geti likawa zito.
Nilipanda ngazi za ofisi kwa ajili ya wawili.
Mmoja alirudishwa.
Basi niambie mimi. Nitaandika kwa mwandiko wangu,
mbaya kama unavyouona, na jina lako halitakuwamo.
Mimi wameshanikata walichoweza kukata.

La mwisho. Kila mashine ina kitufe chekundu, usawa wa kifua.
Usiombe ruhusa. Usimtafute msimamizi.
Kipige hivi, kwa kiganja.
Hakihitaji vidole.

Haya, king'ora hicho.
Wewe wa sweta, funga kamba za buti.