Maoni Mengine

Kila fomu iliyojaa, shilingi sabini.
Swali la kwanza jinsia, la pili umri,
la tisa: Miaka ishirini ijayo, mwanafunzi ataishi wapi, atasomea wapi?
Visanduku vinne, chagua kimoja tu.
Chini kabisa, Maoni mengine,
mistari miwili, mifupi kama kope.

Nilianzia Muyeye, kwa Mama Mbeyu:
vyumba kumi na kimoja, choo kimoja,
mfereji unaotoa maji Jumanne
na siku nyingine ukijisikia.

Nyevu alikuwa kitandani, chungwa mkononi,
anadunga sindano, anachomoa, anadunga.
Uuguzi, mwaka wa tatu.
"Andika mshipa haupapaswi kwenye skrini.
Andika pia kitanda hiki ni cha zamu,
mimi usiku, Dama mchana akitoka wodini,
godoro halipoi.
Hiyo ni (a) au ni (b)?"
Nikatia alama kwenye (b).
Chungwa lilikuwa linavuja juu ya fomu.

Chengo sikumpata chuoni.
Nilimpata Casuarina, nyuma ya geti la Mtaliano,
vyumba saba vya kulala, viti vimevikwa shuka,
bwawa halijaona mwogaji tangu Januari.
Yeye hulala kibandani kwa mlinzi,
miguu nje.
Husomea taa ya bwawa. Hiyo haizimwi,
mwenyewe ameagiza, wezi wadhani kuna watu.
"Funguo zote ninazo," akazitikisa.
"Mwaka wa nne huu. Ndani sijalala hata usiku mmoja,
na usiniulize kwa nini.
Andika: nyumba zipo."

Ekiru, aliyekuja kutoka Lodwar kwa mabasi matatu,
husoma saa sita usiku hadi saa kumi na moja,
bando la usiku ni nusu bei.
Mhadhiri wake anamjua kwa sauti na kikohozi.
Walipokutana benki alimpita kama mlango,
mpaka mzee alipokohoa kwenye foleni.
"Shikamoo, daktari!"
Benki nzima ikageuka.
Alicheka akinisimulia, kisha akaacha kucheka.
"Andika sijui. Sijui ina kisanduku?"
Haina.

Shella, nyumbani kwa kina Mwanajaha,
mihadhara ya uchumi hulia simuni sebuleni,
na bibi, nyuma ya pazia, akichambua mchele,
amemaliza mihula mitano bila kusajiliwa.
Mwezi jana alinyakua simu, akamkatiza profesa:
"Huo mfumuko wako wa bei, mwanangu,
mbona sukari ikipanda haishuki?"
Wanafunzi mia mbili, kimya.
Profesa akaomba apewe wiki moja.
"Yeye ndiye (a), (b), (c) na (d)," Mwanajaha akasema,
"na hakuna anayemdai karo."
Bibi akauliza fomu yake iko wapi.
Nikampa. Akaanza kwa umri, akadanganya.

Fomu arobaini na mbili.
Nilikaa ngazini nikapiga hesabu:
elfu mbili mia tisa na arobaini.
Kodi yangu elfu tatu na mia tano.
Zimebaki fomu nane, na miguu imevimba,
na nani atajua?

Basi nikamwumba wa kwanza.
Tsofa, miaka ishirini, uhandisi.
Nikampa chumba chake peke yake,
dirisha la upande wa upepo,
meza isiyopepesuka, taa, kitasa kinachofunga.
Mhadhiri anayemjua kwa jina.
Nikamchagulia (a) bila kusita,
na kwenye Maoni mengine akasema: Nashukuru.

Hapo nikamwonea wivu.

Nikatafuta kifutio.
Nikaanza na meza, halafu dirisha.
Jina nililiacha.
Mwenye nyumba alikuwa mlangoni,
anabisha kwa funguo.