Daftari la Uso

Kwa nyuma ya daftari la dobi,
baada ya kurasa za mashati na shuka,
baada ya kanzu ya Mzee Kibwana inayodaiwa elfu mbili tangu Idi,
nimeanza kuandika habari za uso wangu.

Jumanne. Chai ya tangawizi, ya moto.
Mashavu yamewaka kabla kikombe hakijaisha.
Jumatano. Umeme umekatika, nimerudi kwenye pasi ya mkaa. Yamewaka.
Alhamisi. Nimegombana na mtu wa bili ya maji.
Yamewaka mpaka masikioni.
Ijumaa. Mawingu. Hakuna kazi.
Hakuna kitu.

Miaka mitatu Ilala ilinisoma uso
kama tangazo lililobandikwa ukutani:
huyu amelia, huyu ana jambo,
huyu anakunywa kwa siri.
Uso umeumbwa na haya, wanasema.
Wangu uliona haya hata nikiwa peke yangu,
nakunja soksi.

Na ngozi yangu, kahawia iliyokolea,
haijui kusema "nyekundu".
Husema joto. Husema kuchoma.
Wekundu wenyewe umelala chini
kama chai ya sukari iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi:
doa hulioni,
ila mkono ukipita unakuta pamekakamaa.

Duka la kwanza la dawa, chunusi.
La pili, mzio. La tatu, punguza mafuta.
Wifi yangu Sikudhani akaleta kijikebe kisicho na jina:
"Paka usiku, asubuhi utanishukuru."
Asubuhi nikamshukuru.
Wiki ya sita kijikebe kikaisha,
na uso ukaja kudai deni lote,
na riba.

Daktari Mwakibete hakukimbilia kalamu.
Alinigusa shavu kwa nyuma ya vidole,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Akauliza jua, pilipili, jiko, usingizi, hasira.
Akauliza macho: yanakwaruza, kama yameingia mchanga?
Yanakwaruza. Sikujua kwamba nayo yamo.
Akaniandikia jina: rosasea.
Zuri mno, nikamwambia, kama la binti wa Upanga.
Akacheka. Kisha akasema haiponi moja kwa moja,
hutunzwa.

Hutunzwa.
Neno hilo ndilo linalonilisha.
Mimi ndiye nijuaye kuwa hariri haipigwi pasi kwa moto wa pamba,
kuwa sufu haikamuliwi,
kuwa doa ukilisugua kwa hasira unalipeleka ndani.
Miaka yote nasoma vitambaa vidogo vya maelezo
kwenye kola za watu,
na shavu langu nalisugua kwa dodoki
na sabuni ya mche!

Sasa ni maji ya uvuguvugu, vidole tu,
taulo la kubonyeza, si la kufuta.
Dawa ya daktari, kiasi cha punje ya njegere.
Krimu ya kukinga jua kabla sijafungua duka;
inabaki nyeupe kidogo, vijana wa genge wananiita Mama Unga.
Meza ya pasi nimeihamishia mlangoni,
mvuke uende zake barabarani.
Chai naiacha ipoe, jambo ambalo marehemu mama
angeliita ugonjwa wenyewe.
Na pilipili tumeachana,
ila tunaonana sikukuu.

Februari, lakini, haisomi daftari.
Kuna siku nimefuata yote
na bado saa nane mchana uso unawaka,
bila sababu, bila salamu.
Naandika hivyo hivyo: sijui.

Jana mama mmoja wa Mchikichini
aliweka gauni mezani, hakuondoka.
Alitazama shavu langu, akagusa lake.
"Na lako huchoma?"
Nikavuta kigoda, nikafungua daftari kwa nyuma.
Tulikaa mpaka mkaa ukazimika.
Gauni lake nikaja kuliandika upande huo huo, kwa makosa,
chini ya Ijumaa yangu:
moja, hariri, moto mdogo.