Kiti cha Kumi na Mbili

Dirishani kwangu, stendi ya Kange,
hofu ilikuwa na nauli yake.

Mwalimu Shemboza alikata tiketi mbili
kila Ijumaa ya kwenda Lushoto:
kumi na moja yake,
kumi na mbili ya mkoba.
"Andika jina," aliniambia mara ya kwanza.
Nikaandika: Mkoba Shemboza.
Hakucheka. Au alicheka,
barakoa ikanificha.

Siku zile kitabu kimoja cha tiketi
kilinifikisha mwisho wa wiki na chenji.
Ndoo ya maji mlangoni, koki inavuja,
kipande cha sabuni kimefungwa kamba kama mbuzi.
Tajiri akipiga simu kutoka Chumbageni: "Wangapi?"
Namjibu saba,
na mkoba nimeshauhesabu.

Ndoo iliondoka bila kuaga.
Nasikia iko kwa mama Sauda, inaloweka maharage.
Watu wakarudi kidogo kidogo,
kwanza wakiuliza: madirisha yanafunguka?
Kondakta hakohoi?
Baadaye wakaacha ya kikohozi,
wakanirudia kwenye bei, tukagombana kama zamani,
na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Mwalimu ndiye aliyebaki nyuma.

Ijumaa iliyopita akasukuma pesa chini ya kioo.
"Moja."
Kalamu ikanisimama.
"Na mkoba?"
"Nitaupakata."

Akaenda hatua tatu, akageuka,
akainama hadi pumzi yake ikatia ukungu kiooni:
"Hiyo kumi na mbili
kachukua nani?"

Nikatazama kitabu. Mstari ulikuwa mtupu.
"Yuko njiani," nikasema.